MREJESHO: Mwanangu na kipimo cha MRI

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita niliuliza kama miwani ya uhalisia pepe (VR, ile unayovaa ukajiona uko mahali pengine) inaweza kumtoa mwanangu wa miaka 8 hofu ya MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Mara ya kwanza alilia hadi kipimo kikaahirishwa, nami sikutaka alazwe usingizi kwa dawa.

Aliyenitajia programu ya Hospitali ya King's College, London, Mungu ambariki. Ni video ya digrii 360: unapachika simu kwenye miwani ya karatasi ngumu, unajiona umelala kwenye kitanda kinachoingia ndani ya mashine. Siku ya kwanza aliivua hata dakika haijaisha. Siku ya nne ananiambia, "Mama usinishike, niko kwenye mashine!"

Kilichosaidia hasa ni ile milio ya mashine inayosikika kwenye video. Kumbe hakuwa anaogopa lile tundu, anaogopa yale makelele ya kugongagonga. Basi tukacheza "sanamu": akitikisika tu, picha imeharibika, tunaanza upya.

Juzi kalala kimya dakika 25, picha zimetoka safi. Sindano ya mkononi ndiyo alipiga yowe, hapo miwani haikufua dafu. Majibu ni Alhamisi.