Mrejesho: Saa za mapumziko za daktari wa jeshi huko Beni

Ndugu zangu, kabla sijaondoka na kikosi chetu kujiunga na Brigedi ya Kujibu Mashambulizi ya MONUSCO (ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani Kongo) huko Beni, mashariki mwa Kongo, niliuliza hapa daktari anawezaje kutumia muda wake baada ya zamu, kwa kuwa nilihofia upweke kuliko risasi. Nashukuru kwa majibu yenu. Sasa nimerejea salama na ninaleta mrejesho.

Aliyenishauri nibebe vitabu alinisaidia kiasi tu, maana daktari kambini hana mapumziko kamili: ukikaa nje ya hema na kikombe cha chai, askari atakuja kukusalimia, atazungumzia mpira, na baada ya muda mrefu ndipo atakapokueleza kwamba hapati usingizi. Nadhani mazungumzo hayo yalitibu wengi kuliko dawa zangu.

Kutoka kambini bila kibali hairuhusiwi, kwa hiyo jioni zilikuwa za voliboli na bao. Askari wa Malawi tuliokuwa nao kwenye brigedi, ambao nao wanalijua bao vizuri, walitufunga bila huruma, wakihesabu kete kwa macho tu.

Kuhusu simu, mkumbuke kwamba Beni iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Nikimaliza zamu saa mbili usiku, nyumbani ni saa tatu na watoto wamelala. Ndiyo maana nilihamishia maongezi yetu alfajiri, wakati wanajiandaa kwenda shule.