Hizi riwaya za Kikristo za taharuki, mtoto anajifunza kitu kweli au anakesha tu?

shangazi_wa_mtu

Habari za jioni wakuu. Nakaa na binti wa kaka yangu hapa Dar, yuko fomu two, na kaingia kwenye ugonjwa wa kusoma. Juzi saa saba usiku nimeamka kunywa maji naona chandarua kinawaka kwa ndani, kumbe kajifunika shuka na tochi ya simu. Simu YANGU, chaji imebaki asilimia nne. Nikamnyang'anya kitabu nikaenda nacho sebuleni nikijua ni vile vya mapenzi, nakuta ni Hangman's Curse cha Frank Peretti, cha mtumba, ndani kina mhuri wa maktaba ya kanisa huko Ohio. Nikasema ngoja nione kurasa mbili tatu. Nikalala saa kumi.

Sasa kaka yangu ni mzee wa kanisa, nilipomsimulia akasema noveli ni uongo uliopangwa vizuri, kama mtoto anataka maadili Mithali ina sura 31, kila siku moja, mwezi unaisha na yeye kanyooka. Kachukua kitabu kaondoka nacho. Mi namuelewa na simuelewi, maana mtoto huyo huyo Mithali ukimpa mstari wa nne anasinzia. Mwenyewe analia "shangazi kile kina mafundisho", namuuliza mafundisho gani, eti "tusionee wenzetu". Yaani wanafunzi wanadondoka mmoja mmoja, wanaweweseka jina la mzimu wa mtu aliyejinyonga shuleni zamani hizo, kurasa zoote zile, halafu jibu ni tusionee wenzetu?

Nawauliza mliosoma hivi vitabu, fundisho lipo au limepachikwa tu ili mzazi atoe hela?

mwl_kipaimara

Shangazi pole na chaji 😂

Mi nafundisha kipaimara na hivi vitabu nimevipitisha sana kwa vijana. Kwanza ujue vimetoka wapi. Peretti alitoa This Present Darkness 1986, malaika na mapepo wanapigania kamji kadogo ka Marekani, kikasomwa mno, na mwaka 1995 wakaja Tim LaHaye na Jerry B. Jenkins na Left Behind, ile ya watu kunyakuliwa, imefika vitabu 16 na bado kuna mlolongo mwingine wa watoto wa vitabu 40. Kwaiyo ni biashara, tena kubwa, na masharti yake yanajulikana: matusi hakuna, kitandani hakuna, ila kutisha ruksa. Mzazi wa kule ananunua akiwa na amani. Kwa hiyo swali lako la kupachikwa lina ukweli, vingine ukivisoma unaona kabisa mahali mwandishi amesimamisha stori akapanda madhabahuni.

Ila hicho cha binti yako mi nakitetea. Peretti alizaliwa na uvimbe shingoni ukamwathiri mpaka ulimi, shuleni wakamwonea kweli kweli, ameeleza mwenyewe kwenye kitabu chake The Wounded Spirit cha mwaka 2000, na hiki kikatoka mwaka uliofuata. Sio mtu anayehubiri kuonewa kwa kusikia.

Halafu kosa lako ni swali ulilomuuliza. Ukimuuliza mtoto "umejifunza nini" atakupa jibu la Shule ya Jumapili, hata we ungetoa hilo. Mi nawauliza "ulimshuku nani?" Darasani kwangu walikuwa watano, wanne walimshuku yule kijana mpweke anayejitenga. Nikawaambia haya nionyesheni ukurasa mlioanza kumshuku, alikuwa amefanya nini. Wakaanza kufunua. Wakafunua weee. Mmoja akasema "mwalimu, alikuwa amekaa kishari tu". Basi pale nikanyamaza, na wenyewe wakanyamaza maana darasani kwetu kuna mmoja anakaaga vile vile nyuma kabisa karibu na mlango, na alikuwepo.

(Simwagi mchele nani alihusika, msinifuate inbox.)

ng'wana_shy

Niwe mtu mbaya kidogo hapa. Hicho cha shule sijakisoma ila This Present Darkness nimekisoma nikiwa sekondari, tulikuwa tunapokezana vijana wa UKWATA, ule umoja wa wanafunzi Wakristo, mpaka kava likatoka, na wakuu kile kitabu kilitufanya tuone mapepo kila kona. Mwalimu wa hesabu mkali, pepo. Matroni kakunyima ruhusa, pepo. Tulikuwa na orodha! Hatukujifunza kuomba, tulijifunza kunyoosha vidole.

Mmarekani akisoma pepo amekaa begani kwa jirani anafunga kitabu anaenda kulala, kwake ni mambo ya kitabuni. Mimi natoka Shinyanga. Kwetu bibi mwenye macho mekundu, ambayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni miaka hamsini, anaweza kukatwa mapanga kwa sababu mtu alisema ni mchawi. Hii sio stori ya kutunga, wenye umri wangu mnajua miaka ile. Sasa kijana wa huko ukimpa kitabu kinachosema nyuma ya kila mtu mbaya kuna kiumbe kina mbawa nyeusi, na hakuna mtu mzima wa kukaa naye, fundisho analotoka nalo sio lile mwandishi alilokusudia huko kwao.

Sisemi vichomwe moto. Nasema mwl hapo juu ana darasa na ana swali lake zuri, wengi hawana.

mtoto_wa_chumbageni

Naomba kuchangia japo mi Muislamu, msinifukuze. Nilipewa Thr3e ya Ted Dekker na jamaa wa kazini, kitabu cha 2003. Kijana anasomea uchungaji, anaendesha gari, simu inaita, mtu asiyemjua anampa dakika tatu aungame dhambi yake la sivyo gari linalipuka. Na yeye anajiuliza dhambi GANI? Nilisimama hapo nikaweka kitabu chini, nikajiuliza ingekuwa ni mimi ningeanza na ipi. Wallahi nilihesabu nikapitiliza dakika tatu.

Baadae jamaa akanionyesha kuwa kitabu chote kimejengwa juu ya maneno ya Paulo kwa Warumi sura ya 7, "lile jema nilipendalo silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo". Nikamwambia sheikh wetu wa madrasa alitufundisha habari hiyo hiyo kwa jina la nafsi, nafsi inayoamrisha maovu, tulikuwa tunaikariri tu tukiwa na njaa ya mchana. Ila kuihisi mwilini, mpaka mkono unatoka jasho, ilikuwa siku ile na simu ya yule bwana. Kwaiyo kaka yako shangazi ana haki kuwa mafundisho yapo kwenye Kitabu, ila kuna siku yanakuwa yamekaa kichwani kama namba ya simu ambayo hujawahi kuipiga.

Mwisho wake lakini kwangu ulikuwa wa haraka mno, alitukimbiza.

kaka_bweni

Mi sio msomaji sana ila hiki cha Hangman's Curse nilikisoma fomu fo na ndo maana nimeingia humu.

Zile kurasa za mahubiri tulikuwa tunaziruka, wote, asikudanganye mtu. Kilichonibana ni kitu kidogo. Wale wababe wa kwenye kitabu hawajioni wababe. Wanajiona wachangamfu. Wanataniana. Bwenini kwetu kulikuwa na jamaa ana kigugumizi, tulimpa jina siliandiki hapa, na kila akisimama kujibu darasani kuna mtu anagonga dawati kufuatisha anavyokwama, tk tk tk, na darasa linacheka, na mara nyingi aliyekuwa anagonga ni mimi. Nilikuwa nagonga na kalamu ya bluu ina kifuniko kimetafunwa, naikumbuka mpaka leo. Nilikuwa najiona mchekeshaji wa darasa. Nimesoma kile kitabu likizo ya mwezi wa sita nikaenda nacho mpaka mahali wanapocheka, nikaskia ile tk tk tk.

Niliporudi shule alikuwa amehama. Sikuuliza kwa nini. Sa hivi nina namba yake nimeipata kwenye grupu la waliosoma pamoja, mwaka wa tatu huu, huwa namuona anapost picha za mtoto wake na sijawahi hata kubonyeza laiki.

mwl_kipaimara

@kaka_bweni mpigie kijana wangu. Usiandike, piga. Atakwama kwenye halo, wewe subiri.

@ng'wana_shy nimekuelewa na umeniweka mahali, ile ya malaika na mapepo huwa naiacha kwenye sanduku hata mimi, na sikuwahi kusema sababu waziwazi ulivyosema.

shangazi_wa_mtu

Wakuu asanteni, nimesoma zote, ya kaka_bweni nimeisoma mara mbili. Nimemuuliza binti alimshuku nani. Akanikazia macho akasema "we shangazi ulimshuku nani?" Nikakosa pa kuanzia, maana ni yule yule.

Kitabu bado kiko kwa kaka. Nimempigia leo mara ya tatu kukidai anasema bado anakikagua. Wiki ya pili sasa. Wifi anasema taa ya chumbani inazimwa saa nane.