Nimelipia oili ya sintetiki, nikamiminiwa oili ya dumu: turbo imekufa

Ndugu wenye magari ya turbo mlioko Kampala, naandika nikiwa na hasira, ila nitaeleza kwa mpangilio ili asitokee wa kusema ninamwonea fundi.

Gari langu ni Subaru Forester yenye injini ya EJ20 ya turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili iongeze nguvu. Mwongozo wake unataka oili nyepesi, ya daraja la 5W-30, na kwa miaka mitatu nimebadilisha oili kila kilomita 5,000. Mwezi Machi, kwa sababu ya haraka, nililipeleka kwenye gereji moja ya mjini ambayo sitaitaja, nikalipia oili ya sintetiki pamoja na filta, nikapewa risiti, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nilimkuta kijana akimalizia kumimina kutoka kwenye dumu la manjano lililokatwa kichwa. Nikauliza makopo yako wapi, akanijibu kwamba yameshauzwa. Makopo matupu, na vifuniko vyake, yamepata mnunuzi ndani ya nusu saa! Hapo hapo nilipaswa kudai oili yote imwagwe, na kosa hilo ni langu.

Kilomita 2,000 baadaye, nikitoka Masaka, nilipofika karibu na Lukaya gari lilianza kupiga mluzi kila nilipokanyaga mafuta, na nyuma likawa linatoa moshi wa bluu. Fundi mwingine, wa Kisekka hapa Kampala, aliifungua turbo mbele yangu, akaishika shafti, yaani mhimili wake unaozunguka, kwa vidole viwili, nayo ikacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Mrija unaoipelekea turbo oili ulikuwa umeziba kwa masizi magumu, ikabidi ayakwangue kwa waya.

Mwenye gereji ya kwanza sasa anasema aliniwekea 20W-50, oili nzito zaidi, kwa faida yangu, kwa kuwa Uganda ni nchi ya joto. Kwanza, risiti yake imeandikwa 5W-30. Pili, Tokyo mwezi Agosti kuna joto kuliko Kampala, na waliotengeneza injini hii ni Wajapani. Shafti ya turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na katika turbo kama yangu haikai juu ya gololi bali huelea kwenye utando mwembamba wa oili, ambayo pia ndiyo inayoondoa joto. Oili nzito huchelewa kufika asubuhi injini inapowashwa, na oili duni huungua kwenye sehemu zenye moto mkali, ikaacha masizi yale yale niliyoonyeshwa. Sisemi 20W-50 ni sumu. Kwenye pikapu kuukuu isiyo na turbo huenda ikafaa kabisa. Hata hivyo sikuiomba, wala sikuilipia, na sina hakika kama kilichokuwa ndani ya dumu lile kilikuwa hata hiyo 20W-50.

Ananilaumu pia kwamba ninazima injini ghafla baada ya mwendo mkali. Watoto wangu wangecheka, maana wamezoea kukaa garini dakika mbili nzima nje ya nyumba, injini ikiwa bado inawaka, wakisubiri turbo ipoe.

Jumatatu ninamrudishia turbo hiyo ndani ya gunia, pamoja na risiti, na ninataka gharama yote ya nyingine. Wakati huo huo, anayemjua fundi anayemruhusu mteja aje na oili yake na asimame kando kopo likifunguliwa, tafadhali aniandikie hapa.