Tupeane uzoefu: wageni wanaokuja kujitolea katika shule na hospitali zetu, Bukavu

Shangazi wa Kadutu
Ndugu zangu, hamjambo. Binti wa kaka yangu anasomea uuguzi Ubelgiji. Yeye na wenzake wanataka kuja huku kwetu kujitolea: siku kadhaa shuleni, siku kadhaa hospitalini, kisha warudi. Kaniandikia, "Shangazi, tuanzie wapi?" Bado sijamjibu, maana nimeona wageni wa kila aina hapa mjini. Wapo walioacha vitu tunavyotumia hadi leo, na wapo walioondoka na picha tu. Sitaki mtoto wetu awe miongoni mwa hao wa picha. Mliofanya kazi na wageni hao, semeni mliyoyaona. Mwenye lawama asitaje jina la shule wala la mtu.

Mimi nataja la sifa. Panzi, hospitali aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, profesa Guy-Bernard Cadière wa Brussels amekuwa akija na timu yake, wanafanya upasuaji wa laparoskopia, ule wa matundu madogo na kamera, bega kwa bega na madaktari wetu. Mgeni anaondoka, ufundi unabaki Panzi. Ila binti yetu ni mwanafunzi bado. Yeye aje kufanya nini?

Mwalimu wa Bagira
Shangazi, muulize kwanza anakuja mwezi gani. Wanafunzi wa Ulaya wanapata nafasi ya kusafiri Julai na Agosti, na sisi tunafunga shule mwanzoni mwa Julai hadi Septemba. Basi wanatukuta madarasa yamefungwa. Mkuu wa shule hataki kuwavunja moyo watu waliotoka mbali, anatuma vijana mitaani wakusanye watoto. Watoto wanavaa shati jeupe na sketi au suruali ya bluu, wanaimba, wanakaa kwenye madawati, wanapigwa picha. Mtoto ameacha kumsaidia mama yake sokoni ili akalie dawati lisilo na somo. Nimeitwa mara nyingi kusimamia madarasa ya namna hiyo na huwa narudi nyumbani na huzuni.

Halafu lugha. Watoto wa madarasa ya kwanza wanasoma kwa Kiswahili. Ukimpa darasa lile mgeni asiyekijua, mwalimu anageuka mkalimani na asubuhi nzima inaishia kwenye somo moja. Tena tangu elimu ya msingi iwe bure, Septemba 2019, watoto wamejaa hadi mlangoni. Si mahali pa mtu kujaribia ualimu.

Ninayemkumbuka kwa shukrani ni dada mmoja Mwitalia aliyekaa nasi muhula mzima. Hakusimama mbele ya watoto hata mara moja. Saa za jioni alikaa na sisi walimu, tukaandaa mazoezi ya sayansi kwa vitu vya hapa hapa: chupa tupu, mshumaa, maji ya ziwa, mchanga wa kuchujia. Daftari la mazoezi yale tunapokezana mpaka leo.

Muuguzi wa Walungu
Niko wodi ya watoto wenye utapiamlo. Bwaki, yaani kwashiakoo, mnaijua wenyewe: miguu imevimba, nywele zimebadilika rangi, mtoto hataki kushikwa wala kucheka. Mgeni asiyeijua akiona yale mashavu anadhani mtoto amenenepa. Siku moja nilimkuta kijana wa kujitolea akipita kitanda kwa kitanda na mfuko wa biskuti na chokoleti. Nilimkimbilia nikamshika mkono.

Naomba hili lieleweke vizuri. Mtoto aliyelazwa na bwaki kali haanzi na chakula kizito. Tunaanza na maziwa yale ya tiba ya F-75, kidogo kidogo, mchana na usiku, mpaka uvimbe uanze kushuka na hamu ya kula irudi. Ndipo tunampandisha kwenye F-100, maziwa yenye nguvu zaidi, au ile siagi ya karanga ya pakiti. Ukimshibisha ghafla, madini ya damu yanavurugika na moyo unaweza kusimama. Kijana yule alikuja kwa huruma ya kweli, lakini waliomleta walimpeleka moja kwa moja wodini bila kumweleza chochote. Siku hizi mgeni hagusi mlango wetu kabla hajakaa nami tukazungumza.

Mwanafunzi wa uuguzi kazi anayo, Shangazi. Apime mikono ya watoto kwa utepe. Chini ya milimita 115 ni hali mbaya. Abonyeze miguu yote miwili kwa kidole gumba aone kama shimo linabaki. Aandike joto, apime maziwa, akeshe na sisi zamu ya usiku, maana usiku ndipo watu wanapopungua. Yote hayo muuguzi wa zamu akiwa karibu. Na lile ambalo kwao hajaruhusiwa kulifanya, na kwetu asilifanye. Watoto wetu si wa kujifunzia sindano.

Picha wodini, hapana. Mama aliyelaza mtoto hana nguvu ya kumkatalia mgeni.

Fundi wa Essence
Natengeneza vifaa vya hospitali. Waambie wasibebe mashine kabla ya kuuliza. Za Marekani nyingi ni za volti 120, umeme wetu ni 220. Ukichomeka bila transfoma, imekwisha. Na dawa vilevile: Shirika la Afya Duniani linataka dawa za msaada zifike zikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake. Nimeona maboksi ambayo hospitali ililazimika kutumia pesa zake kuyateketeza.

Toka Goma
Mbona tunasema kana kwamba mgeni ni mzungu peke yake? Ebola ilipofika Goma, Julai 2019, nilikuwa kwenye kazi ya kuwaelimisha watu mitaani. Wapo Waguinea waliokuja Kongo kusaidia kuchanja, kwa sababu chanjo ile ilijaribiwa kwao mwaka 2015. Nilitembea na mmoja wao. Mama akikataa chanjo, hakubishana. Aliomba kiti, akasimulia kwa Kifaransa, mimi nikitafsiri, jinsi walivyowazika watu wa mtaa wake na jinsi yeye mwenyewe alivyokubali kuchomwa. Wengi walikunja mikono ya nguo pale pale. Hakuna tangazo la redio lililowahi kufanya kazi ile.

Mjukuu wa Kabare
Asikubali kupelekwa kwenye nyumba za yatima. Nina binamu aliyelelewa huko na mama yake yu hai, hana karo tu. Wageni wakiwa wengi, na watoto wanatafutwa. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zichukue hatua dhidi ya madhara ya kujitolea kwa namna hiyo. Mtoto anamzoea mgeni, mgeni anaondoka, anakuja mwingine. Binamu yangu mpaka sasa ni mtu mzima na bado hapendi kuagana na mtu.

Mwalimu wa Bagira
Na usalama, Shangazi? Tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025, mimi nisingemwita mtoto wangu.

Shangazi wa Kadutu
Hilo kaka yangu amelisema kabla yako, Mwalimu, na nakubaliana naye. Nimemsomea binti majibu yenu yote kwa simu. La biskuti lilimnyamazisha, akaniambia nirudie polepole aandike. Safari wameiahirisha. Ameanza kujifunza Kiswahili, maana alikulia huko na anakisikia tu bila kukisema. Muuguzi wa Walungu, anauliza kama mna karatasi za kuwaelekeza akina mama chakula cha mtoto akitoka wodini, zenye michoro, au kama mngependa yeye na wenzake wawachoree na kuwachapia. Nitumie majina ya vyakula vinavyopatikana kwenu sasa hivi na bei zake sokoni, wale samaki wadogo wa sambaza wakiwemo.