Mrejesho: tope la modeli sasa linasimama
Wakuu, niliwauliza kwa nini tope na mawe kwenye modeli yangu ya kompyuta ya maporomoko ya tope hayasimami, yanatambaa tu mpaka yanatoka nje ya ramani. Mlisema nitazame msuguano wa Voellmy (kanuni ya msuguano yenye namba mbili, mu na ksai), na kweli tatizo lilikuwa hapo hapo. Nilikuwa nimeweka mu, yaani namba ya msuguano usiotegemea kasi, kuwa 0.05, ilhali eneo la kutuama lina mteremko wa nyuzi 6, yaani tanjenti yake ni 0.105. Tope husimama pale tu mu inapozidi tanjenti ya mteremko, hivyo kwa hesabu hiyo lisingesimama kamwe! Nimepandisha mu hadi 0.15, na ukingo wa mbele sasa unakaribia sana ule niliopima uwandani. Ksai, namba ya msuguano unaokua na kasi, sikuigusa, maana hiyo hutawala kwenye kasi kubwa, huko juu korongoni. Bado pembeni tope linatandazwa jembamba mno. Kwa hiyo nitapunguza seli, yaani miraba ya ramani ya modeli, kutoka mita 10 hadi 5. Nimefurahi mno, asanteni.