Naomba ushauri: AC/DC uwanjani, je, bado ni bendi ile ile, na tukae wapi?

Mwanzisha uzi

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nina nafasi ya kwenda kuwasikiliza AC/DC, bendi ya roki kutoka Australia, uwanjani, lakini bado sijanunua tiketi kwa sababu yapo mambo mawili yanayonitatiza, na naamini humu wamo watu waliokwisha kuwaona katika ziara ya Power Up iliyoanza Gelsenkirchen, Ujerumani, mwezi Mei 2024.

La kwanza ni la moyoni. Niliwapenda kupitia albamu yao ya mwaka 1980 yenye jalada jeusi, Back in Black, waliyoitoa miezi michache tu baada ya kifo cha mwimbaji wao Bon Scott, na kilichonikamata tangu siku ya kwanza si mbwembwe za mpiga gitaa Angus Young bali lile gitaa la chini yake, gitaa la kaka yake Malcolm Young, lisilotetereka na lisilojionyesha. Malcolm alifariki Novemba 2017. Phil Rudd hayupo kwenye ngoma, na mpiga besi Cliff Williams hayumo katika ziara hii. Waliosalia jukwaani kutoka albamu ile ni Angus na mwimbaji Brian Johnson peke yao. Rafiki yangu mmoja ananiambia kwamba nitakuwa nalipia jina, si bendi. Nimelifikiria sana neno hilo na bado sijapata la kumjibu.

La pili ni mahali pa kukaa. Nitakwenda na kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenifundisha kuusikiliza muziki wa roki, na sikio lake la kushoto limekuwa likivuma tangu enzi alizokuwa akifanya kazi kwenye mashine za kiwandani. Yeye anataka tusimame chini, karibu kabisa na jukwaa. Mimi naogopa. Naombeni uzoefu wenu.

Nyuzi Sita

Ndugu yangu, nenda. Mimi niliwaona Wembley, London, mwezi Julai 2024, na nitakueleza nilichokiona kwa macho yangu ili uamue mwenyewe.

Kwa kuwa umemtaja Malcolm, nianze na anayeshika nafasi yake. Stevie Young ni mtoto wa kaka mkubwa wa Malcolm na Angus, si mpiga gitaa wa kukodi, na amekuwa katika nafasi hiyo tangu mwaka 2014 maradhi yalipomlazimisha Malcolm kustaafu. Hata kabla ya hapo, mwaka 1988, ndiye aliyemshikia nafasi Malcolm alipopumzika katikati ya ziara. Usiku ule nilimtazama kuliko nilivyomtazama mtu mwingine yeyote. Anasimama nyuma, jirani na spika zake, akiwa na gitaa la Gretsch kama alivyokuwa Malcolm. Kiitikio kinapokaribia anasogea mbele hadi kwenye kipaza sauti, anaimba mstari wake, kisha anarudi kinyumenyume mpaka pale alipotoka, bila kumtazama mtu. Pigo lake ni kavu, na baada ya kila pigo anauzima uzi kwa kiganja ili pabaki kimya. Sisi tunaopiga gitaa tunajua kwamba nguvu ya nyimbo zile imo katika kimya hicho, na Stevie anakiheshimu.

Brian Johnson alizaliwa Oktoba 1947, kwa hiyo alikuwa na miaka 76 nilipomsikia. Mistari ya juu kabisa ya nyimbo za mwaka 1980 inamgharimu, na sehemu nyingine anauachia umati uimbe. Hata hivyo, nyimbo za mwendo wa katikati, ambazo hazihitaji kilele kile, aliziimba kwa mkwaruzo uleule tunaoujua, na uso wake ulijaa furaha ambayo hakuna skrini inayoweza kuibuni.

Ama Angus, nywele zake sasa ni nyeupe tupu, lakini kaptula na sare ya shule ziko palepale. Upo wakati anaivua tai shingoni, anaishika kwa mikono miwili na kuisugua juu ya nyuzi za gitaa lake la Gibson SG, na uwanja mzima ukapiga kelele kana kwamba hajawahi kulifanya jambo hilo. Baadaye akapanda kwenye kijukwaa kinachoinuka na kupiga peke yake kwa muda mrefu mno. Wapo waliochoka wakati huo. Mimi sikuchoka hata kidogo.

Dada wa Besi

Namheshimu Nyuzi Sita, lakini mwanzisha uzi anastahili kusikia upande mwingine kutoka kwa mtu anayeipenda bendi hii kwa kiwango hicho hicho.

Kwa sikio langu, baadhi ya nyimbo zilikwenda polepole kuliko zilivyorekodiwa, na kati ya wimbo na wimbo taa zilizimwa kwa muda ili wazee wavute pumzi. Sioni aibu yoyote katika hilo, kwa sababu onyesho linalozidi saa mbili ni kazi nzito hata kwa kijana. Hata hivyo, ukitarajia nyimbo zifuatane bila mapumziko, utajikuta kila mara unasubiri gizani. Matt Laug kwenye ngoma na Chris Chaney kwenye besi ni wanamuziki hodari sana, wala hawakukosea popote nilipowasikiliza. Nilichokikosa ni ile tabia ya Rudd ya kuchelewesha pigo kidogo mno, kiasi kwamba wimbo unaonekana kuegemea nyuma bila kuanguka. Laug anapiga palipo katikati kabisa. Anayependa ngoma na besi ataitambua tofauti hiyo, na asiyezifuatilia hataona pengo lolote.

Kwa hiyo jibu langu kwa rafiki yako ni hili: ndiyo, si bendi ile ile, na hatupaswi kujidanganya. Lakini nyimbo zile zilitungwa na ndugu wawili pamoja, na mmoja wa ndugu hao bado anazipiga mwenyewe, mbele ya macho yako, akiwa na mtoto wa kaka yao pembeni yake. Hilo halitadumu miaka mingi. Ushauri wangu mmoja wa vitendo ni kwamba wiki ya onyesho usiisikilize kabisa albamu ya 1980. Masikio yakiingia uwanjani yakiwa yameshaisahau sauti ya studio, utamsikia Johnson wa leo kwa haki yake, badala ya kumpima kwa Johnson wa miaka 32.

Fundi Mitambo

Nifanyaye kazi ya mitambo ya sauti, nitajibu swali la pili, ambalo naona limepitwa.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzijoto 20. Ukikaa mita 100 kutoka jukwaani, pigo la ngoma linakufikia likiwa limechelewa kiasi cha sehemu tatu za kumi za sekunde, ilhali picha kwenye skrini inafika papo hapo. Ndiyo maana watu wa viti vya mbali husema kwamba bendi inaonekana kama inafuatisha rekodi: wanaona fimbo imeshagonga ngoma kabla hawajaisikia. Mafundi huweka minara ya spika katikati ya uwanja na kuichelewesha kwa makusudi, ili sauti yake itoke wakati uleule sauti ya jukwaani inapofika hapo. Utaratibu huo unaleta usikivu mzuri, lakini hauwezi kuiondoa tofauti ya jicho na sikio.

Viti vya nyuma kabisa chini ya paa navyo vina tatizo lao. Sauti inagonga paa na kuta, inarudi, na gitaa lenye mapigo makavu kama lile alilolieleza Nyuzi Sita linageuka kuwa mvumo mmoja mrefu. Kwa mtu aliyekuja kulisikiliza gitaa la Malcolm, hiyo ni hasara kubwa kuliko kukosa kuona vizuri.

Na mbele kabisa je? Wengi hudhani huko ndiko kwenye sauti bora, na sivyo. Spika kubwa zimening'inizwa kuwalenga watu wa katikati na wa nyuma, kwa hiyo aliye mbele hupata sana besi za chini ya jukwaa na spika ndogo za ukingoni. Sauti iliyopangwa vizuri zaidi ipo karibu na meza ya mafundi, kwa sababu anayeichanganya anaisikiliza akiwa hapo hapo. Tafuta viti vya ngazi ya chini vilivyo sambamba na meza hiyo, au kama ni lazima msimame, simameni nyuma yake kidogo.

Kuhusu sikio la kaka, tafadhali msilichukulie kwa wepesi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kumbi na maonyesho yasizidishe wastani wa desibeli 100 kwa kila dakika 15, na kumbuka kwamba kila desibeli 3 zikiongezeka, nishati ya sauti inakuwa maradufu. Sikio linalovuma tayari limeshaumia. Vizibo vya masikio vya povu vinakinga vizuri, ila hukata zaidi sauti nyembamba, hivyo muziki husikika kama unatoka chumba cha pili. Vile vyenye kichujio hupunguza sauti kwa usawa zaidi, na mtaendelea kuyasikia maneno na gitaa. Avijaribu nyumbani kabla ya siku yenyewe, na asivitoe masikioni hadi mtakapokuwa mmetoka nje.

Nyuzi Sita

Nikazie hapo kwa Fundi. Mwaka 2016 Brian Johnson mwenyewe alilazimika kuacha ziara katikati, baada ya madaktari kumwonya kwamba angeweza kupoteza usikivu wote, na Axl Rose, mwimbaji wa Guns N' Roses, akamalizia maonyesho yaliyobaki. Alirejea baadaye kwa msaada wa vifaa maalumu vya masikioni. Mwambie kaka habari hiyo, maana akiisikia kutoka kwa bendi anayoipenda atakuelewa kuliko ukimsomea takwimu.

Mwanzisha uzi

Nawashukuru sana, na shukrani za pekee kwako Dada wa Besi, kwa kuwa umenipa la kumwambia rafiki yangu bila kumdanganya. Nimezungumza na kaka. Amekubali viti vya ngazi ya chini, usawa wa meza ya mafundi, na vizibo vyenye kichujio, kwa sharti kwamba tuvae zile pembe nyekundu zinazowaka ambazo mashabiki huvaa. Limebaki swali moja: nasikia kuna mizinga inayofyatuliwa jukwaani. Je, ukali wake utamuumiza?

Fundi Mitambo

Mizinga hulia katika wimbo wa kufungia onyesho, kwa hiyo haitamshtukiza. Bendi huondoka jukwaani, inarudi kwa nyimbo za ziada, na wa mwisho kabisa ndio huo. Akiona midomo ya mizinga imejitokeza juu ya jukwaa, avisukume vizibo vikae sawasawa, na kila Johnson anapoitoa amri ya kufyatua, aweke viganja juu ya masikio. Mlio ni mkali lakini ni mfupi.

Dada wa Besi

Na msiondoke kabla ya hapo kwa kuhofia msongamano milangoni. Bakini vitini mpaka mzinga wa mwisho ulie, kisha subirini watu wapungue ndipo mshuke.