Uchumi unakua, mbona umaskini wa wakulima unapungua kwa kusuasua?

Mwanafunzi wa Uchumi: Wakuu, habari zenu. Kati ya 2011/12 na 2017/18 uchumi wa Tanzania ulikua kwa takriban asilimia 6 hadi 7 kwa mwaka, lakini umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4 tu. Kwa kuwa maskini wengi wanaishi vijijini kwa jembe, je, kuendeleza kilimo kunapunguza umaskini kweli, au tunakariri tu kwamba kilimo ni uti wa mgongo?

Mwana wa Songea: Baba alipoanza kutumia mbolea ya ruzuku, ekari yake ilitoka magunia 6 ya mahindi hadi 14. Hata hivyo, deni la pembejeo lilimlazimu kuuza Julai, wakati kijiji kizima kinauza, na mnunuzi alikuja na lumbesa, lile gunia linaloongezewa kilemba na kufumwa kwa kamba, akalilipia kama gunia la kawaida. Februari tulinunua mahindi kwa bei karibu maradufu. Tija iliongezeka, ila sehemu kubwa ya ongezeko hilo iliondoka na lori.

Mzee wa Ghala: Pole, kijana wangu. Lumbesa imekatazwa kisheria, lakini mkaguzi wa vipimo hafiki shambani. Kwenye korosho, Mtwara ilianza stakabadhi ghalani mwaka 2007: mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika, kisha unauzwa kwa mnada. Utaratibu huo ulimbana mnunuzi wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho kwa mkulima nje ya mfumo rasmi, lakini malipo yanapochelewa, mwenye mgonjwa nyumbani humrudia yule yule mlanguzi usiku.

Msomaji: Tusikate tamaa na kilimo chenyewe. Mwaka 1988 Vietnam iliziachia kaya maamuzi ya shamba yaliyokuwa mikononi mwa vyama vya ushirika, pamoja na haki ya kuuza ziada; mwaka uliofuata nchi hiyo, iliyozoea kuagiza chakula, iliuza nje zaidi ya tani milioni moja za mchele. Kwa maoni yangu, kilichosaidia zaidi ya mbegu ni kwamba aliyelima ndiye aliyeamua auze nini na lini.

Mwanafunzi wa Uchumi: Nashukuru sana. Ndugu wa Songea, mzee hakujaribu kuhifadhi?

Mwana wa Songea: Alijaribu msimu uliofuata, magunia matatu tu, kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Aliyauza Januari, na ndiyo yaliyoninunulia sare na godoro la kidato cha kwanza.